Anayekata Ajulikane

Tulipomzika Dada Ndeshi kule Maji ya Chai niliombwa niseme maneno machache kwa niaba ya waliofanya naye kazi, nikashindwa. Mwongozaji wa ratiba alilitaja jina langu kwenye kipaza sauti, akarudia, na mimi nilikuwa nyuma ya turubai, kwenye masufuria, nikijifanya sisikii. Tangu asubuhi nilikuwa nimehama viti. Nikikaa upande wa kwaya naona jua linanipiga, nikikaa upande wa wafiwa naona ninawabana wenye msiba, mwisho nikaenda kuosha sahani ambazo tayari zilikuwa zimeoshwa. Daktari Elisante, ambaye sasa anatembelea fimbo, alinikuta huko huko. Nikampa shikamoo, akaitikia, akasimama akiniangalia ninavyozungusha kitambaa ndani ya bakuli kavu. "Aneth," akasema, "wewe bado hukai." Kisha akaniambia taratibu kwamba nisipousema mimi ule mwaka wa friji, pale hakukuwa na mwingine wa kuusema, maana yeye muda wote alikuwa ameinamia darubini. Haya ninayoyaandika ndiyo yale niliyoshindwa kuyasema. Yamenichukua masika yote, kwa sababu darasa la saba langu haliendi mbio, na kila baada ya mistari michache nainuka kwenda kuangalia kama maji ya jikoni yamechemka.

Ya nyumbani kwetu nayaacha. Mwaka huo nilikuwa mfagiaji wa maabara katika hospitali moja hapa Arusha mjini, nimepanga chumba Kaloleni, na nilikuwa na aibu kiasi kwamba mtu akinisalimia ghafla nilikuwa naitikia akiwa ameshapita. Maabara ilikuwa vyumba viwili na stoo. Chumba cha kwanza kilikuwa cha damu na mikojo, chenye benchi la wagonjwa nje ya mlango. Cha pili kilipakana na chumba cha upasuaji, na kwenye ukuta kati yao palikuwa na kidirisha cha mbao cha kuteleza ambacho zamani kilikuwa cha kupitishia vyombo. Stoo ndiyo ilikuwa kila kitu kingine. Humo tulipikia chai, humo tulikula, humo Dada Ndeshi, mtaalamu mkongwe wa maabara ile, alivua viatu mchana akakanda vidole vyake vya miguu na kutusimulia ubaya wa watu wa Machame, ambao yeye mwenyewe alikuwa mmoja wao. Siku za loshoro, mahindi yaliyopikwa kwa maziwa mgando, ilikuwa sherehe. Sufuria liliwekwa juu ya kiti cha plastiki katikati yetu, tukakaa kulizunguka, na mimi nilikaa karibu na mlango ili niweze kuondoka kabla mtu hajaniuliza kitu.

Friji lilikuja ndani ya kasha la mbao. Daktari Elisante alikuwa amerudi kutoka masomoni, na alilitafuta kwa barua na maombi mpaka hospitali fulani ya ng'ambo ikatupa lake la zamani. Halikuwa friji hasa. Lilikuwa sanduku refu kiasi cha kifua, lenye mfuniko wa kioo, ndani baridi kali kuliko barafu, na ndani ya baridi hiyo kuna kisu, na nje kuna gurudumu lenye mpini. Ukizungusha mpini, nyama iliyogandishwa inashuka juu ya kisu na kukatika, utando mwembamba mno, unaweza kuona kidole chako ng'ambo yake. Kabla ya hapo, mtu akikatwa uvimbe, kipande kilitumbukizwa kwenye chupa ya dawa na kusafirishwa kwa basi kwenda Moshi, na jibu lilirudi baada ya wiki nyingi. Mgonjwa alikuwa nyumbani anasubiri. Wengine waliposikia wanaitwa tena hawakuja. Daktari Elisante alitueleza, akiwa amesimama na kikombe chake stooni, kwamba sasa kipande kitatoka kwa mgonjwa angali amelala usingizi wa dawa, kitapita kidirishani, kitagandishwa, kitakatwa, kitapakwa rangi, yeye atakisoma kwenye darubini na kumwambia daktari wa upasuaji aendelee au afunge. Mgonjwa atalala mara moja na kuamka mara moja. Alilisema hilo kwa furaha mpaka chai ikamwagika kwenye koti lake.

Lililobaki lilikuwa nani atakata. Dada Ndeshi ndiye aliyefundishwa kwanza, lakini alikuwa na baridi yabisi kwenye viungo vya vidole, na kila akitoa mikono ndani ya sanduku lile aliibana kwapani na kuguna. Kijana mmoja wa chumba cha damu akajaribu. Alikuwa na mkono mzuri, ila hakuweza kufanya kitu kimya. Aliongea na mashine, aliongea na nyama, na utando ule ukipigwa na pumzi ya mtu unajikunja kama karatasi iliyosogezwa motoni. Vyote alivyovikata vilijikunja. Ndipo Dada Ndeshi alipogeuka na kuniona na fagio langu. "Mchukue huyu," akamwambia Daktari Elisante. "Huyu hapumui hata akisalimiwa." Wote wakacheka, na mimi nikaondoka na ndoo ambayo haikuwa na maji. Kesho yake Dada Ndeshi alinishika mkono mbele ya lile sanduku kama mtu anayempeleka mtoto kuchanjwa.

Nilijifunza kwa maini ya mbuzi. Asubuhi nilipitia buchani Kaloleni, nikanunua kipande, nikakipeleka kazini kimefungwa kwenye gazeti. Unaweka tone la gundi nzito juu ya kisahani cha chuma, unaweka kipande juu ya gundi, unaviacha ndani ya baridi mpaka vyote viwe vyeupe na vigumu. Unakifunga kisahani mahali pake, unazungusha. Mkono wa kulia unazungusha na wa kushoto umeshika burashi ndogo ya rangi, nayo lazima ikae humo humo kwenye baridi, kwa sababu burashi ya joto hung'ang'ania utando na kuuchana. Unaunyoosha utando kwa ncha ya burashi kama unavyonyoosha shuka kwenye kitanda cha mgonjwa. Kisha unakisogeza kioo kidogo cha darubini kilichokuwa nje, chenye joto la chumba, na kabla hakijaugusa vizuri utando unaruka wenyewe na kukishika. Hilo la kuruka lilinipendeza. Nililingoja. Katika siku zangu zote za kimya hakuna kitu kilichowahi kunijia chenyewe kwa haraka namna ile.

Lakini vioo vyangu vilikuwa na matundu. Nilivikata vizuri, Dada Ndeshi alivipaka rangi ya zambarau na ya waridi, Daktari Elisante akaviangalia na kusema ni kama chandarua. Akashuka kwenye kiti, akapanda tena. Akabadilisha gundi. Akalaumu umeme, kwa kuwa ulikuwa unakatika na jenereta inachelewa. Akalaumu kisu, kikanolewa. Matundu yakabaki, na mimi nikaanza kusikia watu wakisema stooni, mlango ukiwa nusu wazi, kwamba pengine ile kazi inataka mtu aliyesoma kidogo. Nilikuwa silali vizuri, nikila nasimama. Halafu maji yakakatika hospitalini kwa siku kadhaa, na katika siku moja ya hizo kioo changu kikatoka safi kabisa, chembe zimepangana kama vigae. Daktari Elisante akaita watu waje kuona. Dada Ndeshi hakwenda kuona. Alinigeukia akaniuliza leo nimefanya nini tofauti, nikasema sijafanya kitu. Akaniuliza toka mwanzo, toka buchani. Nikamwambia kila siku nikifika nayakata maini vipande vidogo, nayaloweka kwenye bakuli la maji yatoke damu, nayasuuza, ila leo maji hayakuwepo. Akakaa chini. "Unaosha," akasema. "Mtoto wa watu anaosha nyama." Maji yalikuwa yanaingia ndani na kuganda, na kila tone la barafu lilikuwa tundu. Alicheka mpaka akajifuta machozi kwa kanga, na wote tuliokuwa pale tulijua kwamba yeyote kati yetu angeosha, kwa sababu hatujawahi kuona nyama ikiguswa kisu bila kuoshwa. Tangu siku hiyo alikuwa akiona mtu yeyote karibu na bomba anapaza sauti, "Aneth, usioshe."

Naishorwa alikuwa anatuletea maziwa. Alitoka Kisongo alfajiri, akapitia uani kwetu Kaloleni, kisha hospitalini, ambako alituuzia ya chai na kukaa kidogo mlangoni pa stoo kumnyonyesha kitinda mimba wake. Sisi wadogo tulimwita Yeyo, kama wanavyowaita mama zao kwao Umaasaini. Dada Ndeshi peke yake ndiye aliyemwita kwa jina, kwa sababu walipenda kutukanana, Dada Ndeshi akidai maziwa yale yameshaona mto Themi, Naishorwa akijibu kwamba Mchaga akikosa cha kupunguza bei husingizia maji. Siku moja Dada Ndeshi akaacha utani katikati. Aliona mtoto ananyonya upande mmoja tu, akipelekwa kwenye ziwa la kushoto anageuza uso. Akauliza imeanza lini. Naishorwa akasema ni meno, mtoto ana ukorofi wa meno. Dada Ndeshi akafunga mlango wa stoo, na mimi nikabaki ndani kwa kuwa nilikuwa nyuma ya gunia la mkaa natafuta kiberiti na sikuweza kusema nipo. Nilisikia akivuta pumzi mikono ikiwa juu ya ziwa la yule mama, halafu akasema kwa sauti ambayo sikuijua kuwa anayo, "Tangu lini hili, mdogo wangu?"

Daktari Elisante alimpima na kumwambia ukweli wake, kwamba kuna uvimbe, haujulikani ni wa aina gani, na lazima ukatwe ujulikane. Walizungumza kwenye benchi la nje kwa sababu Naishorwa alikataa kukaa ofisini mlango ukifungwa. Mimi nilikuwa nafuta madirisha. Alisema anakubali kukatwa mara moja tu. Dada yake wa tumbo moja aliingia hospitali, si hii, akakatwa akaambiwa arudi, akakatwa tena akaambiwa arudi, mpaka ikawa kila wakimwita anarudi amepungua, na safari ya mwisho walirudi na nguo zake. "Mimi siitwi," akasema. "Mkikata, malizeni siku ile. Mkisema rudi, sirudi." Daktari Elisante karibu aruke kwa kufurahi. Akamweleza friji, akamweleza kidirisha, akamwambia hiyo ndiyo kazi tuliyoingojea, atalala mara moja na kuamka mara moja. Uvimbe ukiwa mzuri ataamka na ziwa lake, ukiwa mbaya wataliondoa siku ile ile. Naishorwa alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza nani anakata. Akatajiwa daktari wa upasuaji. Akasema huyo amemsikia, anauliza yule wa kipande kidogo, wa kwenye friji, ni nani.

Nimewahi kuwaeleza vijana wa maabara jambo hili wakaliona la kienyeji, lakini kwao Naishorwa halikuwa dogo. Mnyama akichinjwa nyumbani, kila mtu anajua nani ameshika kisu, nani amepasua, nani amegawa, na lipi limekwenda kwa nani. Kama kuna kasoro, anaulizwa aliyegawa. Hakuna nyama inayofika kwenye boma imekatwa na mtu asiye na jina. Sasa yeye anatoa nyama ya mwili wake, ipite kwenye tundu la ukuta, ikakatwe na nani? Daktari Elisante alianza kumwambia kwamba wapo wataalamu, na Dada Ndeshi, aliyekuwa anasikiliza mlangoni, akamkata kauli na kuniita. Nilishuka kwenye kigoda na kitambaa changu. Nilitamani aseme ni yeye. Alinisukuma mgongoni kidogo tu, kwa ncha za vidole.

"Ni wewe unakata?" Naishorwa akaniuliza.

Nikasema ni mimi, kwa sauti ndogo, akaniambia hajasikia. Nikarudia. Akanishika mikono, akaigeuza viganja juu, akaangalia vidole vilivyokauka na kupasuka kwa baridi. Alikuwa amenifahamu miaka yote ya maziwa na nadhani ndiyo mara ya kwanza aliniangalia. "Na ukikosea?"

"Nitakata tena, Yeyo."

"Usikate tena sana," akasema. "Si ng'ombe huyu." Akacheka yeye mwenyewe, Dada Ndeshi akacheka, na likawa limekwisha. Alikubali. Mimi ndiye niliyebaki na kitambaa mkononi nikiwa nimeingia kwenye jambo ambalo sikuona mlango wake wa kutokea.

Siku ya upasuaji sikuweza kukaa. Nililipangusa sanduku, nikahesabu vioo, nikatoa burashi na kuirudisha. Kidirisha kilipofunguka, muuguzi aliweka mbele yetu kibakuli chenye kipande cha nyama kimoja, kikavu, hakijaoshwa, kwa sababu Dada Ndeshi alikuwa ameshakwenda kuwatisha watu wote wa upande wa pili. Kilikuwa na mafuta mengi pembeni, na mafuta hayagandi upesi kama ini. Mara ya kwanza kisu kikateleza, utando ukatoka kama siagi. Nilisikia sauti ya daktari wa upasuaji ng'ambo akiuliza vipi. Nikafunga mfuniko, nikasubiri baridi zaidi, na kusubiri kule kulikuwa kazi kubwa kuliko yote niliyowahi kufanya, kwa sababu miguu yangu ilitaka kwenda popote, hata Sanawari. Nikazungusha. Utando ukashuka mzima, nikaunyoosha, ukaruka juu ya kioo. Nikakata wa pili na wa tatu. Dada Ndeshi akavipaka rangi akiwa ananung'unika wimbo wa kanisani, na Daktari Elisante akainama.

Aliinama muda mrefu. Akavuta kioo, akaweka kingine. Akaomba nikate tena kutoka upande wa chini, nikakata. Mimi nilimwangalia masikio, maana ndiyo niliyokuwa naona, na yalikuwa mekundu. Daktari wa upasuaji akaja mwenyewe kidirishani na barakoa yake. Akasema, "Elisante, niambie moja." Daktari Elisante hakuinua kichwa. Akasema ni ziwa linalonyonyesha, chembe zake zimevurugika kwa maziwa, na zilizovurugika kwa maziwa na zilizoharibika zinafanana kwenye nyama ya kugandishwa. Akisema mbaya, na kumbe ni maziwa, atakuwa amemnyang'anya mtoto chakula bure. Akisema nzuri, na kumbe ni mbaya, atakuwa amemuua. "Siwezi kusema," akasema. "Funga. Nitaisoma ile ya chupa ya dawa, ya kusubiri." Kidirisha kikarudi mahali pake. Nikauliza, na sikuwa mtu wa kuuliza, kama nimekata vibaya. Akasema hapana, vioo ni vizuri. Alisema hivyo haraka, akiwa anavua miwani, na mimi nimekaa na haraka ile miaka yote hii.

Naishorwa alipozinduka alijishika kifuani, akakuta ziwa lipo, akatabasamu. Nilikuwa mlangoni mwa wodi. Daktari Elisante alikaa kando ya kitanda chake na kumweleza kwamba jibu bado, ataitwa. Tabasamu lile halikuondoka mara moja, lilisahaulika usoni kwa muda kisha likaisha. Hakumlaumu. Alisema tu, "Mlisema mara moja," akageukia ukutani, na alipogeuka aliniona. Sikuingia. Kesho yake aliondoka na mtoto mgongoni, na kuanzia hapo maziwa yakaletwa na mwanamke mwingine ambaye hakukaa mlangoni.

Jibu la chupa lilikuwa saratani. Ujumbe ukapelekwa kwa jirani yake mwenye simu, ukapelekwa tena, halafu ukapelekwa kwa mchungaji wa mtaa wao. Hakuja. Mvua za vuli zilianza na stooni chakula kilikuwa kinabaki. Mimi nilikuwa nakata maini kila asubuhi bila mtu kuniagiza, na kila kioo kilitoka safi, jambo ambalo halikunisaidia. Siku moja nikiwa nakoroga uji, mlango ukiwa haujafungwa vizuri, nikawasikia Daktari Elisante na Dada Ndeshi. Daktari alikuwa anasema wamefanya wajibu wao, mtu mzima ana haki ya kukataa. Dada Ndeshi alisema haki hiyo mbona tunaipenda sana kwa watu wa mbali. Daktari Elisante akauliza basi anataka aende yeye Kisongo akamfunge kamba? Dada Ndeshi akasema, "Hakukuuliza wewe. Alimuuliza Aneth." Sijui kama alijua nipo nyuma ya mlango. Nikiufahamu ujanja wake, alijua.

Nilikwenda Kisongo siku ya mnada, kwa sababu siku hiyo najua wanawake wa maziwa wanakaa wapi. Upepo ulikuwa unanyanyua vumbi na kulimwaga juu ya mbuzi. Nilipita mbele yao mara kadhaa kabla sijasimama. Naishorwa alikuwa amekaa katikati ya wenzake, mtoto amelala mapajani. Aliniona mapema na akaniacha nizunguke. Nilipomwamkia akasema kwa sauti ili wenzake wasikie, "Umekuja na kisu?" Wakacheka, mmoja akasema kitu kwa Kimaa wakacheka zaidi. Nilisikia masikio yananiwaka. Kama ningeondoka wakati ule, ningekuwa mtu mwingine leo, labda mtulivu zaidi. Nikachuchumaa mbele yake palepale kwenye vumbi, kwa sababu magoti yangu yalikuwa yanataka kukimbia.

"Nimekuja kwa kuwa ni mimi niliyekata," nikasema.

Aliacha kucheka. Akawaangalia wenzake, nao wakaanza kushughulika na vibuyu vyao.

"Ulikata vibaya?"

"Dakta anasema nilikata vizuri. Anasema ni maziwa yalimchanganya."

"Kwa hiyo ni huyu." Aliweka mkono juu ya kichwa cha mtoto.

"Siyo huyu, Yeyo. Tulitaka kujua haraka, ikakataa."

"Sasa wanajua?"

Watu wote waliotumwa kwake walikuwa wamesema anaitwa hospitali. Hakuna aliyemtajia neno lenyewe, na mimi sikuwa mtu wa kulitaja. Nilikuwa mfagiaji. "Wanajua," nikasema. "Ni saratani. Ziwa linatakiwa kutoka, na ukichelewa itakwenda kwapani."

Mtu alipita akiburuta kondoo kwa mguu wa nyuma, na Naishorwa akamwangalia mpaka akapotea kwenye umati. Mtoto akaamka, akatafuta ziwa, la kulia, akalipata. Ndipo aliposema, bila kuniangalia, kwamba dada yake aliitwa na kuitwa na hakuna aliyewahi kwenda kwake. Walituma karatasi, walituma mtu wa pikipiki. "Wanaita tu," akasema. "Wewe umekuja." Akaniuliza siku hiyo nitakuwa wapi. Nikamwambia kwenye friji, upande wa pili wa ukuta, wakitaka kuangalia tezi za kwapani. Akasema hapana. Akasema nitasimama mahali atakaponiona mpaka alale, halafu niende kwenye friji langu. Nikasema sitaruhusiwa, mimi si wa chumba kile. Akasema basi yeye pia si wa chumba kile, tutabaki wote nje.

Niliruhusiwa. Dada Ndeshi ndiye aliyekwenda kusema, na alichosema hakuwahi kutuambia. Wanaonisikia nikisimulia huuliza kama Naishorwa alipona. Alikonda, nywele zikatoka kwa dawa, zikaota, na alimlea yule mtoto mpaka akamwozesha, na akaendelea kumtukana Dada Ndeshi kuhusu bei miaka mingi. Kilichokuja kumchukua kilikuwa kifua cha kukohoa, si ile saratani. Mimi pia nilisogea kutoka kwenye fagio. Nilikata mpaka macho yakachoka, nimewafundisha wengine, na wote nawaambia wasioshe. Ila kukaa sijajifunza. Bado nikiona mtu anapita na chupa ya nyama bila kujua ni ya nani, siwezi kutulia mpaka niulize jina, na vijana wananiona msumbufu.

Asubuhi ile ya kumwondoa ziwa walinivika joho la kijani lililonizidi, nikasimama kichwani mwa meza. Chumba kilikuwa na taa kubwa na harufu ya spiriti, na watu wote walikuwa macho tu juu ya barakoa. Naishorwa alilala chali, shanga zake zimevuliwa, shingo yake ikionekana changa. Mtoa usingizi alishika sindano akamwambia ahesabu polepole. Naishorwa hakuhesabu. Alininyooshea kidole. "Huyu namjua," akasema. "Ninyi siwajui."

Daktari wa upasuaji alikuwa mtu mkubwa, wa maneno machache, ambaye tulikuwa tunampisha kwenye korido. Aliniangalia mimi kama vile nilikuwa nimepanga jambo hilo. Nilitamani sakafu inimeze. Kisha akashusha barakoa yake mpaka kidevuni, akataja jina lake. Naishorwa akauliza mtoto wa nani. Akasita, akamtaja baba yake, jina ambalo nadhani hakuna mtu wa hospitali ile aliyewahi kulisikia, akaongeza bila kuulizwa kwamba ni wa Old Moshi na baba yake alikuwa akifuga. Naishorwa akaitikia kwa kichwa, akamgeukia mtoa usingizi. Mtoa usingizi akasema lake na la baba yake. Muuguzi mkuu akasema, sauti ikitetemeka kidogo kwa kuchekacheka, halafu haikutetemeka tena. Yule aliyekuwa akipanga mikasi akasema. Kidirisha kikafunguliwa, Dada Ndeshi akachungulia, akasema, "Na mimi Ndeshi wa Machame, ninayekunywa maji yako ya Themi," na Daktari Elisante nyuma yake akasema la kwake, taratibu, kama mtu anayeapishwa. Nikabaki mimi. Naishorwa aliinua macho kuniangalia kutoka chini, kwake uso wangu ukionekana kichwa chini, na akangoja, ingawa alilijua. Nikasema jina langu na la baba yangu, kwa sauti ambayo watu wote waliisikia.

"Haya," akasema Naishorwa. "Sasa kateni."